JIWE LA KUNDELUNGU NA MTU ANAYEJUA KUOMBA



Mwezi uliopita walimu walituuliza, sisi wa mwaka wa mwisho, kila mmoja atasomea nini universite. Wengi walijibu kama kawaida: sheria, udaktari, ekonomi. Mwenzetu mmoja wa seksio ya sayansi akasimama, akasema: «Mimi nitasoma juu ya planeti.» Darasa zima likacheka. Mwalimu mmoja aliyekuwa pale akacheka naye, kisha akamwambia: «Mwanangu, planeti iko mbali, njaa iko karibu.» Hata sisi tuliopewa kazi ya kuongoza wanafunzi tulicheka sana. Kesho yake yule ndugu akaenda kwa biro kubadilisha karatasi yake. Akaandika sheria.

Tunaandika leo juu ya karatasi ile.

Kwanza, planeti haiko mbali kama tunavyofikiri. Kwenye uwanda wa Kundelungu, hapa kwetu Katanga, kuna mahali panaitwa Luizi. Ukipaangalia katika picha ya sateliti unaona duara kubwa, kilometa 17 kutoka ukingo mpaka ukingo. Tangu mwaka 1919 ripoti moja ya jiolojia ilitaja bonde lile la mviringo, lakini ushuhuda wa namna lilivyotokea haukuwako. Mwaka 2010 wenye elimu wakafika pale wenyewe, wakapekua mawe. Wakapata mawe yenye mistari inayotoka kwenye ncha moja na kupanuka kama mkia wa farasi. Na ndani ya chembe za kwarsi, kwa mikroskopi, wakaona alama za kupigwa kwa nguvu ambayo volkano haina. Ni alama za jiwe kubwa lililotoka anga na kugonga dunia. Mwaka 2011 makala yao ikatoka katika gazeti la wanajiolojia linaloitwa Geology. Luizi ikawa shimo la kwanza la namna hiyo kuthibitishwa katika inchi yetu.

Sasa angalieni majina yaliyo juu ya makala ile. Ni manne. Kuna Ferrière, wakati ule mtu wa miuzeo ya Vienna, na Osinski wa Canada. Wawili wengine, Lubala na Kaseti, ni wa Universite ya Lubumbashi. Wawili kwa wanne! Idara yao ni ya jiolojia. Ndiyo kusema, kwa mtoto wa Katanga mlango wa planeti uko pale pale ambapo wengi wanaingia wakitafuta kazi ya mugodi. Yule ndugu angesema «jiolojia, Lubumbashi», hakuna mtu angecheka. Tungemheshimu, tukifikiri shaba na kobalti. Alisema planeti, tukamfukuza kwa kicheko. Kumbe njia ni moja.

Neno la pili ni feza. Watu wanasemaka: «Kazi ile ni ya watoto wa inchi tajiri, serikali yao inawalipia.» Ni kweli nusu. Chombo kinachotumwa Mars hakiwezi kulipwa na sisi. Lakini kuna feza nyingine ambayo haipewi inchi, inapewa mtu aliyeandika ombi. Mfano ni mfuko unaoitwa Barringer Family Fund, wa jamaa ya yule Barringer aliyetafuta chuma katika shimo la Arizona. Umekuwa ukisaidia wanafunzi wa universite wanaokwenda kuchunguza mahali palipogongwa na mawe ya anga, na kila mmoja hupata kama dola 2500 mpaka 5000. Kwa mwanafunzi wa Marekani anayelipa ndege ya kuja Afrika, hiyo ni kidogo. Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi anayekwenda Kundelungu kwa gari, hesabuni ninyi wenyewe.

Na mikutano je? Kila mwaka, mwezi wa tatu, wenye kuchunguza planeti wanakutana karibu na Houston, Marekani. Ilianza Januari 1970, walipokuja kueleza mawe ambayo Apollo 11 ilileta kutoka mwezini. Anayetaka kusema pale anatuma kwanza muhtasari wa kazi yake, usiozidi kurasa mbili. Kurasa mbili! Gazeti letu hili, pamoja na matokeo ya mpira, lina zaidi. Na msifikiri mikutano ile ni hotuba tupu. Ni pale profesa anayetafuta mwanafunzi wa doktora anakutana na kijana anayetafuta profesa, wakinywa kahawa. Asiyefika, jina lake halijulikani.

Viza ni mateso, hatufichi. Lakini mikutano nayo inakuja Afrika. Chama cha wenye kuchunguza meteoriti kilikutana Johannesburg mwaka 1999, na Casablanca mwaka 2014. Muungano wa wanaastronomia wa dunia, uliozaliwa mwaka 1919, ulifanya mkutano wake mkubwa Cape Town mwezi wa nane 2024, mara ya kwanza katika Afrika. Na Cape Town inafikiwa kwa basi kupitia Kasumbalesa, kwa mwenye mgongo mgumu. Tena mwaka 2018 Wamarekani walipeleka darubini zao Senegal, kungoja nyota moja ifunikwe kwa nukta chache na Arrokoth, kidude kilicho mbali na sisi zaidi ya kilometa milioni elfu sita. Wasenegal walisimama usiku ule pamoja nao kwenye darubini. Namna gani sisi tuseme hayo si mambo ya Waafrika?

Yule mwalimu hakusema uongo wote, tumheshimu. Njaa iko karibu. Kazi za planeti ni chache hata kwao: mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kukata karibu nusu ya feza za sayansi za NASA, na watu wenye doktora wakaanza kuogopa juu ya mkate wao. Kwa hiyo hatumwambii ndugu yetu aache mkate afuate nyota. Mtu anayejua mawe na anayejua kusoma picha ya sateliti anaweza kupata kazi kwenye migodi, kwenye kutafuta maji, na kwa wale wanaolinda volkano kule Goma. Kule Sudbury, Canada, wanachimba nikeli na shaba mahali palipogongwa na jiwe la anga. (Shaba yetu sisi haikuja namna hiyo, tusidanganyane.)

Kinachotuumiza ni kingine. Tumekaa masomoni miaka hii yote tukinakili ubao. Tunajua kujibu. Kuomba hatujui. Hakuna mmoja wetu aliyekwisha kuandika ukurasa mmoja wa kusema: nataka kujua jambo hili, nitafanya hivi, itagharimu franka hizi. Mwaka uliopita tangazo moja la bursi lilitundikwa karibu na biro. Tulilisoma sote, tukalizoea kama kalenda, mpaka tarehe ikapita, na hakuna aliyeandika. Kisha tunasema bursi ni ya wenye wajomba wakubwa. Mara nyingine ni kweli. Lakini sisi hatuna haki ya kusema hivyo, kwa sababu barua yetu haikukataliwa; haikuandikwa. Na Kiingereza, ambacho makala nyingi za kazi ile zimeandikwa nacho, saa zake ndizo tunatumia kumaliza zoezi za hesabu. Walimu wa Kiingereza watusamehe, wanaona.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Saa ya mjadala ya Jumamosi, mara moja kila trimestri, iwe mkutano kama ile ya wenye elimu. Kila anayetaka, awe wa sayansi ao wa pedagojia, msichana ao mvulana, alete kurasa mbili juu ya kitu cha hapa petu anachotaka kuchunguza: maji ya kisima chetu, mmomonyoko nyuma ya bweni, mawe ya mtoni. Aandike na gharama, franka kwa franka. Asimame, asome, aulizwe maswali magumu. Atakayeshinda alipiwe kazi yake na kamati ya wanafunzi, kwa feza iliyobaki ya jezi. Tunajua wachezaji watakasirika. Waje waandike nao.

Wadogo wetu wa madarasa ya chini wasiogope. Kurasa mbili zao zitapokelewa pia. Majina yaandikwe kwa sekretari wa gazeti kabla ya mwisho wa juma lijalo.

Yule ndugu tumemwendea, tukamwomba msamaha juu ya kicheko, tukamwomba aanze yeye. Alijibu kwamba atafikiri. Bwana Prefe ametuambia kwamba karatasi yake iko bado kwa biro na inaweza kubadilishwa tena mpaka tarehe 30.

Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa mwisho