Anayenyimwa bustani ya umma apewe sababu kwa maandishi

Raia anayeomba kutumia bustani ya umma katika miji yetu, kisha akanyimwa, ni nadra kuambiwa kwamba fulani amekataa. Huambiwa, tena kwa upole, "Ombi lenu halikukubalika." Mimi hufundisha sarufi, na sentensi hiyo imenishughulisha kwa muda mrefu kuliko inavyostahili sentensi fupi kama hiyo.

Kiswahili kina kauli mbili ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huzichanganya. Tukisema "Ombi lilikataliwa," tumetumia kauli ya kutendwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Lugha yenyewe imemwachia mtenda nafasi nyuma ya kitenzi. Tukisema "Ombi halikukubalika," tumehamia kauli ya kutendeka, na nafasi hiyo imefutwa. Ndiyo kauli ya mtoto anayesimama jikoni juu ya vigae na kutangaza kwamba kikombe kimevunjika. Hakuna aliyekivunja, kimejivunjikia. Mama mwenye busara hucheka na kuuliza swali la pili. Raia mbele ya dirisha la afisi hana ujasiri wa mama, naye huenda zake.

Taabu yake ni kwamba rufaa haikatwi dhidi ya sentensi isiyokuwa na mtenda. Asili ya neno rufaa ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuinua. Aliyekata rufaa anauinua uamuzi wa mtu mmoja aupeleke kwa mwingine aliye juu yake. Iwapo hakuna aliyeamua, hakuna maandishi na hakuna tarehe, atainua nini?

Mwaka uliopita kundi la wanafunzi wangu liliomba nafasi katika bustani moja ya umma, katika mji ambao sitautaja, ili kughani mashairi alasiri ya Jumamosi. Waliandika barua, wakaambiwa warudi kesho, wakarudi mara tatu. Hatimaye walielezwa kwamba barua "haijapata kibali." Hawakuonyeshwa karatasi yoyote. Nalo neno kibali halikuwasaidia, kwa kuwa tangu asili hubeba maana ya kukubaliwa na mkubwa, kama Esta katika Biblia alivyopata kibali machoni pa mfalme. Mwenye kuomba kibali huomba fadhila, na fadhila haidaiwi. Hata ruhusa si mbali na hapo: wanafikihi wa pwani watakwambia kwamba asili yake, rukhsa, ni tahafifu inayolegeza sharti lililokuwa zito. Msamiati wetu wa afisini umejengwa juu ya dhana kwamba raia hastahili hadi ahurumiwe.

Dhana hiyo sheria yetu imekwisha kuiacha. Wenye umri wangu wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, siku ambazo mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Mkutano wa Kamukunji wa tarehe 7 Julai 1990 ulinyimwa leseni, na Bw Kenneth Matiba na Bw Charles Rubia, walioutaka, walikuwa wametiwa kizuizini siku chache kabla. (Hapa naomba msomaji aniruhusu nitoke kidogo njiani. Kamukunji ni jina la uwanja, lakini leo ni nomino ya kawaida: wanachuo huitisha kamukunji, na hata wabunge huitwa kwenye kamukunji. Sijui jina lingine la bustani yetu lililopanda cheo namna hiyo.)

Mageuzi ya mwaka 1997, yaliyotokana na mapatano ya vyama bungeni, yaliiondoa leseni katika sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, na kuweka ilani mahali pake. Mwandalizi humwarifu mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano. Ilani ni tangazo. Mtu hutangaza jambo alilokwisha kuazimia, na anayetangaziwa hana kura, ila anaweza kumjulisha kwamba mwingine amekwisha kuandikisha uwanja huo kwa siku na saa iyo hiyo. Kisha Katiba ya 2010, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti mwaka huo katika bustani ya Uhuru Park, ikaweka haki ya kukutana kwa amani bila silaha katika Kifungu cha 37.

Sisemi kwamba serikali ya kaunti haina lake. Bustani ina nyasi, ina vyoo, ina watoto waliokuja kucheza. Anayetaka kusimamisha mahema na vipaza sauti anapaswa kuomba, na makundi mawili hayawezi kutumia jukwaa moja kwa wakati mmoja. Kaunti inaweza kukataa. Ninachopinga ni kukataa kwa kunong'ona.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na kupewa sababu za maandishi pale haki yake inapoathirika. Sheria ya mwaka 2015 iliyotekeleza kifungu hicho inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mtawala akiombwa sababu na asizitoe, mahakama itachukulia, mpaka ithibitishwe vingine, kwamba uamuzi wake haukuwa na sababu njema. Kwa hiyo kimya cha afisi, ambacho raia hudhani ni ukuta, chaweza kuwa ushahidi mkononi mwake, mradi awe ameomba sababu hizo kwa barua na kubaki na nakala yenye muhuri.

Lakini sheria hiyo ina pengo, na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Inampa mtawala siku 30 za kutoa sababu. Tena inamtaka raia amalize kwanza njia za rufaa zilizomo ndani ya utawala kabla ya kubisha mahakamani, ingawa mahakama yaweza kumsamehe sharti hilo kukiwa na hali ya kipekee. Siku 30 si nyingi kwa mwenye kugombania kiwanja. Kwa mwenye kuomba bustani kwa ajili ya Jumamosi ijayo, ni sawa na kualikwa harusi ambayo wali wake umekwisha kuliwa. Anayekataa hahitaji hoja. Kalenda itamshindia.

Wako watakaosema raia aende mahakamani, basi. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda kupinga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, na kesi ikatupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki. Jumba halikujengwa, lakini si mahakama iliyolizuia. Ni kelele za umma na wafadhili waliosita. Leo Kifungu cha 70 hakimtaki mwenye kutetea mazingira athibitishe hasara yake binafsi, na hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, kundi la wanafunzi au chama cha akina mama hakina karo ya wakili kwa ajili ya alasiri moja.

Mabunge ya kaunti yanaweza kuliziba pengo hili kwa kanuni fupi. Ombi lijibiwe katika siku 5 za kazi. Asiyejibiwa ahesabiwe amekubaliwa. Barua ya kukataa itaje jina na cheo cha aliyekataa, sababu yake, na afisi ya kupokea rufaa, ambayo nayo itoe uamuzi kabla ya siku iliyoombwa. Barua hiyo ipatikane kwa Kiswahili, ambacho kwa Kifungu cha 7 ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, ingawa fomu za afisi zetu aghalabu hazijapata habari hiyo. Na kitenzi chake kiwe katika kauli ya kutendwa: "Ombi lako limekataliwa na," kisha jina lifuate.