Ukiokoka Leo, Kesho Asubuhi Inakuwaje?

Naomba niseme mapema kwamba makala hii sikuiandika kumhubiria mtu. Jumuiya yetu ina Waislamu, ina Wakristo wa kila dhehebu, na ina wale ambao wakiulizwa dini hucheka tu na kubadilisha mada. Wote karibuni. Lakini leo nazungumza zaidi na kundi moja dogo ambalo lipo kila mwaka na mara chache huandikiwa. Ni wale waliofika hapa Uingereza wakiwa Wakristo wa jina tu, au bila dini kabisa, halafu katikati ya baridi na upweke wakampokea Yesu. Wakishaombewa na kupigiwa makofi, wanarudi chumbani. Je, kesho yake asubuhi wanajua wamepewa nini?

Maoni yangu ni kwamba wengi hawajui, na hawapaswi kulaumiwa. Wanapewa orodha kabla ya kupewa habari yenyewe.

Orodha ziko mbili. Ya kwanza ni ya makatazo: usionekane kwenye pati za jumuiya, usisikilize bongo fleva, dada usivae suruali, na rafiki zako wa zamani achana nao. Ya pili ni ya ahadi: sasa umeokoka, viza itatoka, mitihani utafaulu, kubeba boksi utasahau, na hela itakuja mradi upande mbegu. Mtu anakaa miezi mitatu akijipima kwa orodha hizi mbili, na zote zinamwangusha.

Nina kijana mmoja ninayemfahamu, simtaji jina wala chuo. Aliokoka mwezi wa Novemba, na Januari akafeli somo moja. Aliponitafuta, nilidhani ameumizwa na lile somo. Kumbe sivyo. "Kaka," akaniambia, "nadhani mimi sikuokoka vizuri." Kuna mtu pale alipokuwa anasali alimweleza kwamba imani yake ndogo ndiyo iliyomfelisha, na kwamba akitoa mbegu mambo yatafunguka. Alikuwa ameshatoa sehemu ya kodi ya chumba. Jamani, mambo yakifika hapo hatuzungumzii tena fundisho la kubishania baada ya ibada. Tunazungumzia mtu atalala wapi mwisho wa mwezi, na kama atabaki na imani yoyote ifikapo Juni.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina kuokoa, kuokolewa na kuokoka. Mtu akizama Ziwa Victoria, wavuvi wakamvuta hadi kwenye mtumbwi, tunasema ameokolewa. Akifika salama nchi kavu tunasema ameokoka. Neno moja linataja kazi iliyofanywa na mwingine, jingine linataja hali yake sasa. Tatizo ni kwamba tumezoea sana kusema "nimeokoka" mpaka tumesahau kuwa nyuma yake kuna "nimeokolewa". Tunalitamka kama mtu anayesema "nimehitimu", kana kwamba tulikaa darasani tukapata alama za kutosha.

Na ameokolewa kutoka katika nini? Katika Mathayo sura ya 1, malaika anamweleza Yusufu kwa nini mtoto aitwe Yesu, jina ambalo kwa Kiebrania lina maana ya kwamba Bwana anaokoa. Sababu anayoitoa ni dhambi za watu. Viza haikutajwa, mitihani haikutajwa. Kwa Mkristo, wokovu kwanza kabisa ni kusamehewa na kupatanishwa na Mungu, kuhesabiwa kuwa mtoto wa nyumbani badala ya mgeni wa mlangoni, na kupewa maisha mapya ya kuishi humo nyumbani. Hicho ndicho alichopewa yule kijana Novemba. Karatasi ya matokeo ya Januari haikuwa na uwezo wa kukiondoa.

Sasa tazama mpangilio wa mambo. Katika Luka 19, Yesu anajialika nyumbani kwa Zakayo wakati Zakayo bado ni mtoza ushuru yuleyule, na watu wananung'unika. Baada ya kupokelewa ndipo Zakayo anasimama na kusema atawapa maskini nusu ya mali yake, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Katika Matendo 16, mlinzi wa gereza la Filipi alikuwa karibu kujiua kwa upanga usiku huo. Akauliza afanye nini apate kuokoka, akaelekezwa amwamini Bwana Yesu. Hakupewa mtihani wala miezi sita ya majaribio. Lakini saa hiyohiyo ya usiku aliwachukua Paulo na Sila akawaosha majeraha ya viboko walivyochapwa. Matendo yapo, tena ya nguvu, ila yamekuja nyuma ya zawadi. Paulo anapanga hivyohivyo katika Waefeso sura ya 2: anaanza na neema ipokelewayo kwa imani, anakataa kwamba tumeipata kwa matendo, halafu papo hapo anasema tumeumbwa tutende mema.

Wengine watasema hayo ni mambo ya walokole tu. Hapana. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, jambo lililowagawa tangu karne ya 16. Walikubaliana kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, na si kwa sifa yake mwenyewe. Tofauti bado zipo, sikatai. Lakini kama hao wameweza kusema hivyo kwa pamoja, kwa nini kwenye vikundi vyetu vya sala huku ughaibuni mtu aambiwe tena kwamba mlango unafunguliwa kwa sadaka?

Mimi ni mtu wa zege, mniwie radhi kwa mfano huu. Zege likimwagwa leo, fundi anayejua kazi yake hakubali mtu alipandishie mzigo kesho. Likitunzwa vizuri, kwa siku 7 linafikia kama theluthi mbili hivi ya nguvu tunayolipima nayo siku ya 28. Watu wengi hudhani linakauka tu kama nguo kwenye kamba. La hasha, saruji inashikana kwa kuungana na maji, ndiyo maana tunalimwagilia. Ukiliacha juani linapasuka. Mkristo mpya naye ni hivyo. Amekwisha kumwagwa mahali pake, hilo limemalizika, ila kukomaa kunahitaji muda na matunzo. Paulo mwenyewe anauzungumzia wokovu kwa nyakati tatu: kwa Waefeso ni jambo lililokwisha kufanyika, katika 1 Wakorintho 1 ni jambo linaloendelea, na katika Warumi 5 kuna sehemu ambayo bado tunaingoja. Kwa hiyo ukijikuta mwezi wa pili bado una hasira zilezile, usikimbilie kusema hukuokoka. Kiri, omba msamaha, endelea.

Na hao wanaosema kila ugonjwa na kila kufeli ni upungufu wa imani, waambie wasome nyaraka za Paulo mpaka mwisho. Timotheo alikuwa na maradhi ya mara kwa mara na Paulo akampa ushauri kuhusu tumbo lake, hakumwambia imani yake ni ndogo. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Hawa ni watu waliofanya kazi na mtume mwenyewe!

Sisi wa Afrika Mashariki tuna historia ya kujifunzia hapa. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Uganda na Dk. Joe Church, mmisionari aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasali na kusoma Biblia pamoja. Kutoka katika mbegu hizo ulikuja uamsho ambao miaka ya 1930 ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Waganda wakawaita watu wake Balokole, yaani waliookoka. Walikiri dhambi waziwazi, walirudisha vitu walivyoiba, na Mzungu na Mwafrika waliombana msamaha wakati ambapo jambo hilo halikuwa la kawaida. Uzuri wao ulikuwa ni huo: kila siku walirudi msalabani kama watu wanaohitaji msamaha. Lakini palepale kulikuwa na hatari, kwamba baadhi walianza kumpima mwenzao kwa mavazi na mtindo wa nywele. Moto ukipoa, kinachobaki mkononi ni orodha. Tusibebe majivu hayo kuja nayo huku majuu.

Najua kuna kaka na dada watakaonijibu: "Ukiwaambia vijana hivyo, watafanya wanavyotaka." Hoja hiyo ni ya zamani, Paulo aliijibu katika Warumi 6. Hakusema neema ipunguzwe. Alisema mtu aliyekufa kwa habari ya dhambi hawezi kuendelea kuishi humo kama kwao. Mimi pia nasema dhambi ni dhambi. Kudanganya kwenye asaimenti ni dhambi, kumtelekeza mwenzako mjamzito ni dhambi, kukopa fedha za wenzako na kupotea ni dhambi. Ila anayeacha kwa kuogopa kufukuzwa nyumbani ataacha mbele za watu tu. Anayejua amekwisha kupokelewa ana sababu ya kuacha hata akiwa peke yake chumbani.

Basi wewe uliyeokoka juzi, mdogo wangu, naomba nikushauri machache. Soma Injili moja polepole, anza na Luka, usikimbilie Ufunuo. Tafuta kanisa ambalo unaweza kuuliza swali bila kukemewa. Mpate mtu mmoja aliyekutangulia, wa jinsia yako, ambaye unaweza kumwambia ukweli. Rafiki zako wa zamani usiwakimbie. Njoo kwenye pati ya jumuiya, kula pilau, ondoka saa unayoona inafaa. Kodi ya chumba lipa. Anayekuambia mpe yeye hiyo kodi ili Mungu akubariki, mwambie kwa heshima kwamba Mungu alishatoa kabla hujaombwa chochote. Na soma masomo yako kwa bidii, maana sala haikuondolei maabara.

Na sisi tuliotangulia, akija mtu mpya tumpe chai kwanza, tumweleze alichopewa, halafu tukae naye mpaka akomae. Yule kijana somo lake atalirudia mwezi wa Agosti, na kodi tulichangishana wachache ikalipwa. Kazi kubwa iliyobaki ni kumshawishi kwamba hata asingefaulu mwezi huo wa Agosti, yeye bado ni mtoto wa nyumbani.

Naomba kutoa hoja.