Uso wa Saa Ukizimika, Mionzi Haijaisha

Minadani Biharamulo na kwenye vibanda vya Rusumo, upande wa Ngara, saa ya mkononi inayong'aa gizani hukosi kuuziwa pamoja na maelezo yake. Mengi hayana madhara. Moja lina hatari.

"Inawashwa na betri." Hapana. Betri ni ya kuzungusha mishale tu. Kinachong'aa ni unga uliochanganywa kwenye rangi, na katika saa nyingi za leo ni alumineti ya strontiamu, iliyotolewa na kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993. Hupokea mwanga, kisha huutoa polepole. Kwa hiyo saa ikimulika sana jioni na kufifia alfajiri, si mbovu.

"Zote zina mionzi." Unga huo hauna. Zenye herufi T chini ya namba 6 ndizo zenye tritiamu. Mionzi yake ni dhaifu, haipenyi kioo, na hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi.

"Saa ya babu haing'ai tena, kwa hiyo ni salama." Hili ndilo linalonitia hofu. Tangu miaka ya 1910 hadi ya 1960 nyuso nyingi za saa zilipakwa radiamu na salfidi ya zinki: radiamu hutoa mionzi, zinki ikipigwa nayo hung'aa. Zinki huchakaa mapema. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Uso umezimika, mionzi ipo palepale.

Wala si habari ya mbali. Madini ya urani ya Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, yaligunduliwa mwaka 1915, na kuanzia 1922 yalikuwa yakitolewa radiamu huko Olen, Ubelgiji. Nchini Marekani, wasichana waliopaka nyuso za saa kiwandani New Jersey walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo. Walimeza radiamu siku baada ya siku. Taya zikaoza, baadhi yao wakafa, na kesi yao ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1928. Kilichowaua kiliingia kwa kinywa. Basi saa ya zamani ya aina hiyo usiifungue, usiikwangue rangi, usipulize vumbi lake, na usimpe mtoto achezee. Ukiipeleka kwa fundi, mwambie kabla hajashika bisibisi. Wa kuuliza kuhusu kuipima ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

"Ianike juani ipate nguvu." Dakika chache dirishani au chini ya taa zinatosha, ikishajaa haiongezi kitu. Joto la kutwa nzima huchakaza mpira unaozuia maji, na maji ndiyo adui wa unga huu. Fundi anapobadilisha betri, mwombe aukague na mpira. Ukiona ukungu ndani ya kioo, ipeleke siku hiyohiyo.