Tuandikishiane mauzo, tusizuie fedha taslimu

Ukienda gulio lolote huku kwetu, iwe Sirari au Mugumu, humkosi mtu aliyetandika turubai chini na kupanga juu yake pampu ya maji, betri ya gari, redio, simu mbili tatu na jembe la plau lililokwisha kulima misimu kadhaa. Mkulima aliyeuza magunia machache ya mahindi hana uwezo wa kununua pampu mpya dukani. Anakuja hapo, anajadiliana bei, anatoa noti mfukoni na kuondoka na mali yake.

Tatizo ni kwamba hata mwizi anakuja hapo hapo.

Miaka michache iliyopita nilinunua pampu kwa njia hiyo kwa Sh 180,000. Wiki tatu baadaye akatokea mwenyewe, ana risiti ya dukani yenye namba ya mashine, na namba ilikuwa ile ile. Pampu ikarudi kwake, fedha zangu zikapotea, na nusura nilale mahabusu. Nilipoulizwa nani ameniuzia, sikuwa na jina. Nilichokumbuka ni kofia yake tu.

Na sheria haina mzaha katika hili. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa. Kifungu cha 312 kinamgusa anayekutwa na mali inayotiliwa shaka akashindwa kueleza ameipataje. Maelezo ya kofia hayamfikishi mtu mbali.

Ndiyo maana kila nyaya za umeme au mashine zinapoibwa, hawakosekani wanaosema serikali ipige marufuku kununua vitu vilivyotumika kwa fedha taslimu. Wazo hilo si geni duniani. Mwaka 2011 jimbo la Louisiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwazuia wafanyabiashara wa vitu vilivyotumika kulipa taslimu. Uingereza nayo, Desemba 2012, ilizuia kununua vyuma chakavu kwa fedha taslimu baada ya wizi wa nyaya za shaba kuzidi, hasa kwenye reli.

Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme mkubwa kuanguka na sehemu kubwa ya nchi kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Ilifunguliwa tena mwaka huo huo. Muokota vyuma ambaye hajawahi kugusa nguzo aliumia sawa na aliyeifungua nati.

Mimi sikubaliani na kuzuia fedha taslimu, angalau si kwa Tarime na Serengeti. Mwingereza ana akaunti ya benki. Mwenzangu wa kijijini ana laini ya simu, lakini akilipwa kwa simu lazima atembee hadi kwa wakala, akute wakala ana fedha, kisha akatwe ada ya kutoa. Tunakumbuka tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021: watu walirudi kwenye noti haraka, na Septemba mwaka huo huo serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Ukimlazimisha mtu kuuza redio ya Sh 15,000 kwa njia ya simu, ataiuzia nyuma ya nyumba, na hapo ndipo mwizi atakapofurahi zaidi.

Halafu tuna mfano wetu wenyewe. Ng'ombe hauzwi mnadani kama redio. Mnunuzi anauliza kibali cha ofisa mtendaji wa kijiji, anatazama alama, anajua ametoka wapi. Bunge hata lilitunga Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo mwaka 2010. Najua mtaniambia wizi wa ng'ombe haujaisha. Ni kweli, lakini ng'ombe wa wizi anavushwa usiku porini, haletwi mnadani mchana. Pampu ya wizi inaletwa sokoni saa nne asubuhi, kweupe.

Basi kwa kitu chochote cha kuanzia, tuseme, Sh 50,000, iwepo hati ya mauziano: jina la muuzaji, namba yake ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, namba iliyogongwa kwenye mashine, na sahihi za mashahidi wawili. Fedha zilipwe kwa namna yoyote. Hati hiyo iandikwe hapo hapo sokoni, na halmashauri inayokusanya ushuru wa gulio iweke karani mwenye daftari. Isiwe safari ya kumtafuta mtendaji ambaye leo yuko kikaoni, na kesho anataka hela ya muhuri.

Kwa simu, piga *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu lisipofanana na simu uliyoshika, irudishe. Huduma hii ilisambaa wakati TCRA ilipozima simu bandia Juni 2016, lakini huku vijijini wengi wameisahau.

Mimi sasa natembea na daftari la shule. Gulio lililopita nilipata betri nzuri, bei tukaelewana, nikafungua daftari na kumwomba muuzaji kitambulisho. Akacheka, akaniuliza kama mimi ni askari. Nikaiacha. Sikufika hata kwenye mabanda ya nguo kabla sijamwona mtu mwingine ameibeba begani.