Mwenye maembe njo mwenye tawi

Wakamarade, ndugu wapangaji, na ninyi wenye malupango munaosoma hapa kwa siri,

Mvua iko karibu. Kila mwaka hapa Lubumbashi, mu mwezi wa kumi na wa kumi na moja, upepo unakuja mbele ya mvua. Na kila mwaka tunasikia usiku kitu kile kile: tawi linavunjika, manjanja yanalia, watoto wanaamka na kelele. Asubuhi majirani wanakusanyika, wanaangalia juu, na swali ni moja tu: nani atalipa?

Mwaka jana ilifika kwa kamarade wetu mumoja, mu komini ya Katuba. Wapangaji watatu mu lupango moja, na muti wa maembe katikati, mukubwa kupita nyumba zote. Tawi moja lilikauka juu ya jiko tangu kiangazi. Walimupigia mwenye lupango simu mara mbili. Alijibu: « Musiguse muti yangu. » Tawi likaanguka, likapasua manjanja sita na kuvunja mbao za paa. Mama aliyekuwa analala upande ule alikuwa ameenda ku matanga, njo maana leo hatuongelei maiti. Mwenye lupango akafika, akaangalia, akasema: « Mweye njo munaikala umo, mutengeneze. » Kisha akakata bei ya manjanja ku garanti yao. Tawi akaliuzisha kwa watu wa makala. Na mu mwezi wa kumi na mbili akatuma vijana wawili na mifuko, wakachuma maembe yote. Watoto wa lupango hawakuonja hata moja.

Tunauliza: huu muti ulikuwa wa nani? Wakati wa maembe ulikuwa wake. Wakati wa makala ulikuwa wake. Wakati wa kuanguka, ukawa wa mupangaji!

Kuna watu watasema: « Munaacha mambo ya bei ya unga, ya umeme na maji, munakuja kuongea miti? » Ndiyo. Juu wengi wetu vijana wa huu muji tunaikala mu nyumba za kupanga, na haki inavunjwa kwanza pale tunapolala. Mutu mwenye anakubali kuonewa mu lupango, atasimama namna gani mbele ya Leta?

Sheria inasema nini? Tuiseme wazi, bila kuongeza chumvi. Inchi yetu iko na dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ya zamani sana lakini ingali inafanya kazi. Inataka mwenye nyumba atoe nyumba ikiwa katika hali nzuri, aichunge ibakie hivyo, na amuache mupangaji aikale kwa amani. Kazi kubwa za kutengeneza ni zake. Mupangaji naye anapaswa kutunza nyumba kama baba mwema wa jamaa, na matengenezo madogo ya kila siku ni yake. Kifungu 260 cha dekre ile kinasema tena kwamba mutu anajibu juu ya hasara inayoletwa na kitu kilicho chini ya ulinzi wake.

Chini ya ulinzi wa nani? Pale njo kwenye mabishano yote. Mwenye lupango atasema: mimi naikala mbali, wewe uliye pale njo mulinzi. Sisi tunasema hivi: mulinzi wa muti ni yule mwenye uwezo wa kuamua juu yake. Kama umenikataza kuukata, kama huniachii nichume, kama ni wewe unayeuzisha kuni zake, basi ulinzi umeubakiza mu mikono yako. Huwezi kubakiza ulinzi na kunitumia mimi hasara. Lakini kama umeniandikia kwamba naweza kupunguza matawi na kula maembe, hapo nitabeba na sehemu yangu ya muzigo.

Na garanti? Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile ya nyumba za kupanga zisizo za biashara, inasema garanti ya nyumba ya kuikala haipite miezi tatu. Wengi kati yetu tumelipa zaidi, tunajua. Lakini hata ile ya miezi tatu inawekwa juu ya deni na uharibifu wa mupangaji. Tawi lililokauka sababu ya uzee na mchwa si uharibifu wa mupangaji.

Sasa tugeuke tujiangalie wenyewe, juu kutetea haki si kuficha makosa yetu. Nani anachoma takataka ku shina la muti kila jioni? Ni sisi. Nani anamwanga maji ya moto na sabuni ya kufulia ku mizizi? Nani anapiga misumari mu shina juu ya kufunga kamba ya nguo? Nani anachimba shimo la choo karibu na muti na kukata mizizi minene ya upande moja, kisha anashangaa muti unalala upande wa pili? Shina lenye kuungua linaoza ndani polepole. Miaka mitatu, ine, unaona majani ni mabichi, kumbe kati ni tupu. Ukileta hasara kwa mukono wako, ni haki ulipe. Na kama uliona tawi linakauka ukanyamaza, usije kulia peke yako.

Kuna pia wenye malupango wanaosema: « Basi nitakata miti yote, matata itaisha. » Hiyo si suluhisho. Manjanja bila kivuli mu mwezi wa kumi, kila mutu mu Kenya na Ruashi anajua joto yake. Misitu inayozunguka muji wetu imekwisha sana juu ya makala. Miti ya malupango njo imebakia karibu nasi. Wengine wanakata kichwa chote cha muti, wanaacha shina kama mukongojo. Ile ni hatari zaidi: matawi mapya yanaota pembeni haraka, hayashikani vizuri na shina, na kisha miaka michache yanavunjika kwa upepo mudogo.

Kukata vizuri si uchawi. Tawi kavu linaweza kutolewa wakati wowote, na bora mbele ya mvua. Matawi mabichi ya muembe yanapunguzwa kisha mavuno. Tawi nzito unalikata kwanza kidogo kutoka chini, halafu kutoka juu, mbali kidogo na shina, lisipasue ganda. Mwisho unatoa kipande kilichobakia karibu na shina. Tumia musumeno, hapana mupanga. Na kama tawi linagusa waya za umeme, mutu yeyote asipande, ata kama ni fundi: muende SNEL.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya:

1. Muti uingie mu kontra. Siku ya kuingia mu nyumba, wakati munaandika hali ya milango na madirisha, muandike na miti: iko mingapi, hali yake, nani anakata, nani anakula. Mistari mitatu inatosha.

2. Kazi kubwa ni ya mwenye lupango: kukata matawi makubwa, kutoa muti mugonjwa, kulipa fundi. Kazi ya kila siku ni ya mupangaji: kufagia majani, kutochoma shina, kutoa habari mapema.

3. Habari itolewe kwa maandishi. Simu peke yake inapotea. Piga picha ya tawi, tuma mesaji yenye tarehe, ibakize. Kama hajibu, peleka kopi kwa shefu wa karti.

4. Mwenye kuchuma awaachie wanaofagia. Hatukuta ku sheria yoyote kwamba watoto wa lupango wanapaswa kuangalia tu maembe ya juu ya kichwa yao.

5. Garanti isiguswe juu ya tawi kavu. Ikiguswa, anza ku biro ya Habitat ya komini; kama haitoshi, Tribinali ya Amani iko.

6. Miti ya ku avenue, inje ya kibambazi, si ya mwenye lupango wala ya mupangaji. Ni ya muji. Meya na waburgumestre waipitishe macho mbele ya mvua, wasingoje kuja kuhesabu hasara.

Kamarade wa Katuba alichukua mesaji zake mbili, zile alizoandika kisha simu ya kwanza, akaenda nazo ku komini pamoja na sisi wane. Hatukupiga kelele. Mwenye lupango alisoma maneno yake mwenyewe ku telefone: « Musiguse muti yangu. » Akanyamaza. Garanti ilirudi nusu, nusu ingine angali anaidai. Haijakwisha, na hatutaacha.

Hii siku ya posho, toka inje, angalia juu ya paa yako. Kama kuko tawi halina majani, piga picha, andika tarehe, tuma. Kisha upite kwa jirani yako, umuonyeshe na yake.

Tuko pamoja.