Nani Mtaalamu wa Mafuriko ya Lumemo?

Mto Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa, ukapita mjini Ifakara na kuingia katika bonde la Kilombero. Mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kumfika mtu ambaye kwake halikuonekana hata wingu. Na kila yanapofika, mjadala huanza upya: ni mabadiliko ya tabianchi, ni mifugo, ni ukataji wa miti, au ni kudra ya Mungu? Nyuma ya swali hilo limejificha lingine: nani anastahili kulijibu?

Jibu letu la mazoea ni jepesi mno. Mtaalamu ni yule aliyeketi meza kuu kwenye warsha. Mkulima wa mpunga ni "mdau": hupewa dakika tano aeleze mateso yake, kisha hutia saini karatasi ya mahudhurio. Mmoja huulizwa sababu, mwingine huulizwa machungu. Mimi ni mhadhiri. Mgawanyo huu unaninufaisha, nami naupinga.

Una historia ndefu. Mwaka 1935 kilichapishwa kitabu Ubena of the Rivers, kuhusu Wabena wa bonde hilihili. Waandishi wake wakuu ni A. T. Culwick, ofisa wa utawala wa kikoloni, na mkewe G. M. Culwick. Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena hao, aliandika humo sura moja. Mwenye nchi alipata sura. Mgeni wake akapata kitabu.

Gharama ya mgawanyo huu si heshima peke yake. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, wakilaumiwa kwa kukauka kwa Ruaha Mkuu na uhaba wa umeme wa Mtera. Wapo watafiti waliochunguza na kuonesha kwamba uendeshaji wa mabwawa yenyewe ulichangia uhaba huo. Hoja yao haikumrudishia mfugaji ng'ombe hata mmoja. Mwaka 2012 zamu ikafika Kilombero. Sisemi mifugo haina madhara. Bonde hili ni ardhioevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2002, na malisho ya kupita kiasi huliumiza. Nasema mtu asihamishwe kwa hoja ambayo hakupewa nafasi ya kuihoji. Na sasa, Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 likitegemea Mto Rufiji, ambao zaidi ya nusu ya maji yake hutoka Kilombero, shinikizo la kumtafuta mkosaji litaongezeka.

Hata hivyo, wapo wanaharakati wanaokimbilia upande wa pili. Husema mzee wa Lumemo anatosha, na kwa kuwa amesema mafuriko yalikuwapo tangu enzi za babu yake, basi habari za tabianchi ni mradi wa wazungu. Ni kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini kukilalia kitanda hakumwezeshi mtu kupima joto la Bahari ya Hindi wala hewa ya ukaa iliyo angani. Anayemwambia mkulima apuuze vipimo hivyo hamheshimu. Anamwacha bila kinga.

Njia bora tunayo nyumbani. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a na wenzake walichapisha utafiti kuhusu dalili za mimea, ndege na wadudu ambazo wakulima wa Rungwe na Kilolo hutumia kubashiri mvua. Chang'a huyo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndiye aliyechaguliwa mwaka 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi. Dalili za wakulima hazikudharauliwa kama hekaya, wala hazikuabudiwa kama ufunuo. Zilichukuliwa kuwa madai yanayostahili uchunguzi.

Hicho ndicho kipimo changu cha utaalamu. Si cheti, si mvi. Mtaalamu ni yule anayesema jambo linaloweza kukaguliwa, akakubali kukaguliwa, hasa na watakaolipa gharama akikosea.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ibandike vipimo vya kina cha mto katika ofisi ya kata ya Lumemo, kwa Kiswahili kinachosomeka. Wakazi waandike katika daftari la mtaa tarehe na kimo cha maji kila yanapofurika, na daftari hilo lisomwe na wahandisi kabla ya kuchora tuta lolote. Na kila Mei, mvua za msimu zikiisha, utabiri uliotolewa Oktoba na ubashiri wa wazee vilinganishwe hadharani na mvua iliyonyesha.

Nawe mtumishi wa umma unayeandaa warsha ijayo, ongeza safu moja katika ratiba: maswali ya wakulima kwa wataalamu. Usiiwekee dakika tano.