Jina Lililofichwa, Sala Iliyosikika: Muziki wa Watawa wa Ferrara Warejea

Katika miaka ya karibuni, vikundi vya waimbaji barani Ulaya vimegeukia muziki mtakatifu wa karne ya 15 na 16 uliolala kwa muda mrefu katika maktaba na hifadhi za nyaraka. Havitosheki tena na Palestrina, Victoria na Byrd, ambao kazi zao zimekwisha kurekodiwa mara nyingi. Vinawatafuta watunzi waliosahauliwa, na hata wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kwa mpenzi wa muziki, hii ni habari ya sanaa. Kwa mwamini Mkatoliki ni zaidi ya hapo, kwa kuwa nyimbo hizo zilitungwa kwa ajili ya ibada, na wengi wa walioziimba walikuwa watu wa sala. Yafaa basi tujiulize: sala hiyo inapoturudia kwa njia ya santuri, tuipokee kwa moyo gani?

Mfano mmoja unatosha kulionesha suala lenyewe. Mwaka 2017 kikundi cha Musica Secreta cha Uingereza, kikishirikiana na kwaya ya wanawake ya Celestial Sirens chini ya uongozi wa Laurie Stras na Deborah Roberts, kilitoa santuri ya moteti za sauti tano. Moteti hizo zimetoka katika kitabu kilichochapwa na Girolamo Scotto mjini Venezia mwaka 1543. Kitabu kina moteti zaidi ya 20, zote zikiwa na maneno matakatifu ya Kilatini, lakini hakina jina la mtunzi. Kwa karne nyingi kilibaki hivyo, kikijulikana na wataalamu wachache tu.

Laurie Stras, ambaye ni mwanahistoria wa muziki, anatoa hoja kwamba mtunzi wa nyimbo hizo, walau kwa sehemu kubwa, ni Sista Leonora d'Este. Huyu alizaliwa mwaka 1515, binti wa Alfonso I d'Este, mtawala wa Ferrara, na Lucrezia Borgia. Kwa upande wa mama alikuwa mjukuu wa Papa Alexander VI. Mama yake alifariki mwaka 1519, Leonora akiwa bado mtoto mdogo. Alilelewa katika monasteri ya Corpus Domini ya Masista Waklara mjini Ferrara, akaweka nadhiri huko, akawa abesi akiwa kijana wa miaka 18, na huko huko akafariki mwaka 1575. Hoja hiyo inasimama juu ya dalili kadhaa. Muziki wenyewe unafaa sauti za jumuiya ya wanawake. Miongoni mwa maneno yaliyochaguliwa imo antifona ya Mtakatifu Klara, Salve sponsa Dei, ambayo ina maana ya pekee kwa Waklara. Tena, binti wa mtawala aliyekuwa mtawa wa ndani asingetarajiwa kuliweka jina lake sokoni.

Inafaa kueleza jinsi muziki huo unavyoimbwa, kwa kuwa ndipo ilipo siri yake. Kwaya zetu nyingi zimezoea sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Teno na besi huhitaji wanaume, nao wanaume hawakuingia katika kwaya ya watawa wa ndani. Moteti za Ferrara zimetungwa kwa namna ambayo sauti zote tano hukaa karibukaribu, zikipishana na kugusana katika eneo lile lile. Kwa hiyo jumuiya ya wanawake peke yao iliweza kuziimba zote. Sauti ya chini iliweza kutiwa nguvu na kinanda au na viola da gamba, ala ya nyuzi inayoshikwa kati ya magoti na kupigwa kwa upinde. Katika santuri hii waimbaji wanasindikizwa hivyo hivyo. Ala hiyo haishindani na waimbaji, bali inasimama chini yao kama msingi wa nyumba.

Ala za nyuzi hazikuwa ngeni katika nyumba hiyo. Mtakatifu Katarina wa Bologna, aliyefariki mwaka 1463 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1712, aliishi kwanza katika monasteri hiyo hiyo ya Corpus Domini ya Ferrara kabla ya kutumwa Bologna kuanzisha monasteri nyingine. Ala yake ndogo ya nyuzi ingali imehifadhiwa Bologna hadi leo. Hivyo Leonora alikulia mahali ambapo kumsifu Mungu kwa sauti na kwa nyuzi kulikuwa urithi wa kiroho wa nyumba.

Urithi huo haukupita bila majaribu. Mwezi Desemba 1563 Mtaguso wa Trento ulisisitiza upya sheria ya watawa wa ndani kubaki ndani ya kuta zao. Baada ya hapo baadhi ya maaskofu wa Italia, akiwemo Kardinali Gabriele Paleotti wa Bologna, waliweka masharti makali juu ya muziki katika monasteri za wanawake. Walikuwa na sababu zao: walihofu kwamba muziki ungekuwa maonesho, na kwamba watu wa mjini wangefika kanisani kusikiliza waimbaji badala ya kusali. Hata hivyo, sauti hazikuzimika. Watawa wa monasteri ya San Vito, huko huko Ferrara, walisifiwa na mwandishi Ercole Bottrigari mwaka 1594 kwa jinsi walivyoimba na kupiga ala nyingi kwa pamoja. Mwaka mmoja kabla yake, moteti za Raffaella Aleotti, aliyekuwa wa monasteri hiyo, zilichapwa Venezia zikiwa na jina lake waziwazi.

Historia hiyo iliendelea hadi nyakati zilizo karibu nasi. Mwaka 1903 Papa Pio X, katika hati yake juu ya muziki mtakatifu, alifundisha kwamba waimbaji kanisani wana huduma halisi ya kiliturujia, na kwa sababu hiyo hakuwaruhusu wanawake katika kwaya ya kanisa. Mwaka 1955 Papa Pio XII alilegeza katazo hilo kwa masharti. Leo, mwamini anayeiona kwaya ya parokia yake imejaa kina mama na mabinti huenda asijue kwamba nafasi hiyo haikuwa ya kawaida kila mahali na kila wakati. Santuri ya moteti za Ferrara inatukumbusha kwamba, hata pale ambapo sheria ilisema machache juu yao, wanawake waliowekwa wakfu walikuwa wakilitunza ua hili la sala.

Je, ni haki kulitaja jina la mtu ambaye yaelekea alitaka kujificha? Swali hili lisidharauliwe. Unyenyekevu ni fadhila ya kitawa, na mtawa anayemwimbia Mungu bila kutaka kujulikana ametimiza jambo kubwa. Lakini unyenyekevu ni wa yule anayeuchagua. Shukrani ni wajibu wa yule aliyepokea. Mama Kanisa huwataja watakatifu wake si kwa sababu walitafuta sifa, bali kwa sababu waamini wanahitaji kumjua aliyewatangulia. Kinachosikitisha kidogo ni jina la santuri yenyewe, linalomtambulisha mtawa huyo kama binti wa Lucrezia Borgia. Tunaelewa kwamba jina la mama huvuta wanunuzi, kutokana na visa vingi vinavyosimuliwa juu ya familia hiyo. Hata hivyo, mwanamke aliyeishi maisha yake yote katika sala na kuiongoza jumuiya yake astahili kujulikana kwa matendo yake mwenyewe kabla ya kujulikana kwa umaarufu wa wazazi wake.

Shukrani pia haiwezi kutengana na ukweli. Hoja juu ya Leonora ni nzito, lakini bado ni hoja. Ukurasa wa kitabu cha 1543 hauna jina, na hakuna anayeweza kuliandika leo kana kwamba lilikuwepo. Mwamini anayesimulia habari hii na aseme kwamba yaelekea ni yeye. Heshima inayojengwa juu ya uhakika wa kubuni haimfai marehemu, wala haimfai Mungu aliye kweli.

Lipo pia swali la santuri yenyewe. Wengine huona kwamba sala iliyorekodiwa na kuuzwa imegeuzwa bidhaa. Hatari hiyo ipo. Lakini tukumbuke jinsi watawa wale walivyosikika enzi zao: waliimba nyuma ya ukuta na kimia cha chuma, na waamini waliokaa upande wa pili wa kanisa walipokea sauti bila kuona uso. Anayesikiliza leo nyumbani kwake hayuko mbali sana na hali hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliutambua muziki mtakatifu kuwa hazina ya thamani isiyokadirika inayopaswa kutunzwa na kustawishwa. Nayo barua ya Vatikano ya mwaka 1987 juu ya matamasha makanisani ilikubali kwamba muziki mtakatifu ambao hautumiki tena katika liturujia waweza kusikika kwa njia nyingine na kulisha imani. Kwa hiyo santuri haishiki nafasi ya Misa, lakini inaweza kumwandaa mtu kusali.

Suala la jina si la Ulaya pekee, wala si la karne ya 16 pekee. Misa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya Kamina, katika Katanga, ilienea duniani kote. Wengi wanaoijua wanalijua jina la Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeiongoza kwaya hiyo. Lakini muziki wake ulichipuka kwa kiasi kikubwa kutokana na ubunifu wa waimbaji wenyewe, nao wengi wa waimbaji hao wanajulikana kwa jina la kundi tu. Padre alitenda kazi njema. Kusahauliwa kwa wale wengine ndiyo hasara.

Hasara ya namna hiyo inaweza kutokea katika parokia yoyote. Wimbo hutungwa na mwalimu wa kwaya, nota zake hunakiliwa kwa mkono au kwa mashine, nakala huhama kutoka kigango hadi kigango, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka ulitoka wapi. Kwaya ikiurekodi, jina la kwaya huandikwa kwa herufi kubwa na la mtunzi huachwa. Kumbe tiba yake ni nyepesi: kila karatasi ya nota iwe na jina la mtunzi, mwaka na mahali, nakala moja iwekwe katika ofisi ya parokia, na nyingine ipelekwe jimboni. Kwa watawa wa Ferrara, kilichookoa sala yao ni kitabu kimoja kilichochapwa na maktaba zilizokitunza kwa zaidi ya miaka 470, hadi walipopatikana watu wa kukisoma na kuimba yaliyomo. Viongozi wa kwaya na mapadre walezi wao wanaweza kuanza kazi hiyo Dominika ijayo, baada ya mazoezi, kwa kulifungua kabati la nota na kuuliza juu ya kila wimbo: huu aliutunga nani?